Kibali Hakioti Majani

Kahama ni mji wa kubishana. Simba na Yanga, bei ya dhahabu, nani anafaa udiwani: kila kijiwe kina pande mbili. Lakini lipo jambo moja ambalo hata kijiwe chenye makelele kuliko vyote hukubaliana kabla chai haijapoa: miti inakwisha kwa sababu sheria ni legelege. Mwalimu mstaafu atakuambia hivyo. Mwenye karasha atakuambia hivyo. Kijana wa bodaboda aliyefunga magunia matatu ya mkaa nyuma ya kiti, akisubiri giza liingie ili apite njia ya porini, naye atakuambia hivyo hivyo: "Serikali ikaze, kaka, tutakuwa jangwa."

Dawa inayotajwa ni moja, nayo ni kibali. Mtu asiingie kwenye msitu wa halmashauri bila kibali. Asikate, asilishe, asiokote kuni, asirine asali, asichimbe. Ada ipande, faini ipande, mgambo waongezwe, na atakayekamatwa awe fundisho.

Nimeusikia msimamo huu mara nyingi kiasi kwamba umeanza kuonekana kama ukweli. Ninaupinga, na nitaeleza kwa nini, hoja kwa hoja.

Kwanza tuutendee haki

Wanaotaka vibali vikazwe hawasemi upuuzi. Wanasema mambo manne.

La kwanza: kitu kisicho na mwenyewe huliwa. Mkata kuni anajua kwamba asipokata yeye leo, jirani atakata kesho, kwa hiyo anakata. Bila mtu wa juu wa kumzuia, watu wenyewe hawajiwezi.

La pili: Kahama ya leo si Kahama ya watemi. Ni manispaa tangu 2021, ina wageni kutoka kila mkoa waliofuata dhahabu, ina mama lishe, wachoma tofali na wachimbaji wadogo wanaohitaji matimba ya kushikilia maduara yasiporomoke. Mila za kijiji ambako kila mtu ni binamu wa mwenzake haziwezi kuuongoza mji wa aina hii.

La tatu: kibali huleta fedha, na fedha hulipia ulinzi.

La nne: sheria ipo. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya serikali za mitaa na inakataza matumizi yake bila kibali. Kilichobaki ni kuitekeleza.

Hizo ndizo hoja zao, na sijazipunguza nguvu. Sasa tuzifungue.

1. Jangwa letu lilikuja na muhuri

Wanaosema watu hawajiwezi wanadhani miti ya mkoa wetu wa Shinyanga ilikatwa na watu waliokosa amri. Historia inasema amri ndizo zilizotangulia.

Katika miaka ya 1920 na kuendelea, serikali ya kikoloni ilipambana na mbung'o na malale kwa kufyeka vichaka. Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na watu kwa maelfu waliitwa kupitia watemi wao kwenda kufyeka. Mti ulikuwa adui wa serikali. Baadaye ikaja pamba, na kila ekari iliyofunguliwa kwa jembe ikahesabiwa kuwa maendeleo. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, ikaja Operesheni Vijiji: familia zikahamishwa kutoka kwenye maeneo yao, zikaziacha nyuma ngitili zao, yaani vipande vya malisho ambavyo Wasukuma na Wanyamwezi hufunga mvua zinapoanza na kufungua kiangazi nyasi za nje zinapokwisha. Ngitili isiyo na mwenye nyumba karibu ilikuwa ardhi tupu, na ardhi tupu ililimwa au ikakatwa.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa huu na kuuona kama jangwa la Tanzania, alikuwa anatazama matokeo ya nusu karne ya maagizo kutoka juu. Kufikia 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi.

Ndipo ikaanza HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni wataalamu walikuja na miche yao na mipango yao, wakataka watu wapande. Mafanikio yalikuja walipoacha kuagiza wakaanza kuuliza, nao wenyeji wakawajibu: ngitili. Mipaka ikajadiliwa kwenye dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wanajamii, kanuni zikatungwa na wanaozitumia, sungusungu wakazisimamia, na aliyevunja alitozwa mbele ya watu waliomjua kwa jina na kwa ukoo. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa wakati ule, Kahama ikiwemo.

Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili pamoja na IUCN ulikadiria kwamba faida ya ngitili kwa mtu mmoja ilikuwa karibu dola 14 kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Watu wasiojiweza, kumbe, walijiweza kwa hekta laki tatu.

Ngitili nazo zilikuwa na kasoro. Wenye mifugo mingi walizungushia maeneo makubwa wakayaita yao, na maskini akabaki kununua nyasi. Lakini kasoro hiyo ilijulikana kwa kila mtu na ilizungumzwa hadharani. Nani amewahi kukaa dagashida kujadili jedwali la ada za vibali?

2. Kibali ni risiti

Hebu tukitazame kibali chenyewe. Kibali cha kawaida cha mazao ya misitu kina jina la mvunaji, aina ya zao, kiasi, na ada iliyolipwa. Mzigo ukitoka porini unafuatwa na hati ya kusafirishia, ile tunayoiita TP, na kwenye kizuizi cha maliasili afisa analinganisha karatasi na gari. Magunia 20 kwenye hati, magunia 20 kwenye gari: pita. Magunia 30: shuka.

Katika safari yote hiyo, kitu kimoja hakikaguliwi: kisiki. Karatasi inajua idadi ya magunia, inajua namba ya malipo, inajua namba ya gari. Haijui mti ulikatwa kwenye mteremko gani, ulikuwa umebaki na wenzake wangapi, wala kama utachipua. Mkaa uliotoka kwenye mti uliopaswa kukatwa na mkaa uliotoka kwenye mti ambao haukupaswa kuguswa hufanana rangi.

Mfano wa kibali kinachojua mti upo, tena hapa hapa nchini. Wilayani Kilosa, kuanzia 2012, vijiji kadhaa vilisaidiwa kugawa sehemu ya misitu yao katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vikapangwa kama ubao wa drafti: kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa, na kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24 visiki vichipue. Mchoma mkaa wa huko anapewa kitalu, na kijiji kinajua kitalu hicho kitarudi kuvunwa mwaka gani. Huo unaweza kuuita uhifadhi. Kibali kisichotaja mahali ni risiti ya duka, na bidhaa iliyouzwa ni msitu.

Na ukikamatwa huna risiti? Sheria ina neno tamu: kufifilisha. Unakiri kosa, unalipa, kosa linafifia bila kupanda mahakamani. Serikali imepata, wewe umepata kwenda nyumbani. Tatizo ni kwamba kisiki hakififilishwi.

3. Mti mmoja, ofisi tano, mlinzi hakuna

Wanasema sheria ipo, kilichobaki ni utekelezaji. Mimi nasema sheria zipo, kwa wingi, na wingi huo ndio ugonjwa.

Simama chini ya mninga mmoja ulioota kando ya kijito, nje kidogo ya mji. Mti ni wa halmashauri au wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kutegemea mstari wa mpaka unaopita wapi. Ardhi inaweza kuwa ya kijiji. Mita 60 kutoka kwenye maji ziko chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Maji yenyewe yana bodi ya bonde. Dhahabu iliyo chini ya mizizi inasimamiwa na Tume ya Madini. Mti huo una wakubwa wengi kuliko matawi. Usiku msumeno ukilia, hakuna hata mmoja wao aliye karibu kuusikia. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Na mipaka yenyewe? Mwaka 2019, baada ya kazi ya kamati ya mawaziri wanane, Serikali ilikubali vijiji 920 kati ya 975 vilivyokuwa na migogoro na hifadhi vibaki vilipo. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi watu katika mamia ya vijiji waliitwa wavamizi, kisha siku moja wakaacha kuwa wavamizi bila kusogea hata hatua moja. Ukikaza sheria juu ya mpaka ambao mwenye sheria mwenyewe hana hakika nao, unakaza kitanzi, na shingo iliyomo ni ya yule aliye karibu.

Sasa angalia kitanzi hicho kinawabana akina nani. Mama wa Zongomera anayetaka mzigo wa kuni kavu wa kubeba kichwani anaambiwa ni hifadhi. Mwenye leseni ya madini anaambiwa aombe ridhaa ya maandishi, kwa kuwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imemwekea mlango huo: eneo la hifadhi si mwisho wa safari, ni ofisi nyingine ya kupita. Jirani zetu wa Geita wanaishi na mfano mkubwa. Mgodi ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2000 una eneo la leseni lililoingia ndani ya Hifadhi ya Msitu wa Geita. Kila kitu kilifuata sheria, na ndiyo hoja yangu. Mfumo wa vibali haukatazi kuumaliza msitu. Unakataza kuumaliza bila fomu.

4. Mji ukikua, mlinzi hufutwa

Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni hii ya mji: mila zimekufa, wageni wamejaa, tubaki na vibali.

Mila haikufa kwa uzee. Ilikatwa miguu, na wembe ulikuwa wa kisheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji. Ni chombo chenye utu wa kisheria: kinaweza kushtaki na kushtakiwa, kinaweza kutunga sheria ndogo, kinaweza kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji na kutoza faini zake. Mji ukipanuka, kijiji kinageuzwa mtaa. Siku hiyo watu hupiga vigelegele kwa sababu viwanja vitapanda bei. Kinachopotea hakitangazwi. Kamati ya mtaa haimiliki ardhi wala haitungi sheria ndogo. Mwenyekiti yule yule, wazee wale wale, miti ile ile, lakini jana walikuwa wenye msitu na leo ni majirani wa msitu wa manispaa. Mzee aliyekuwa akimfukuza mkata miti sasa anatakiwa kupiga simu ofisini na kusubiri gari lenye mafuta.

Kisha tunashangaa kwa nini watu hawajali. Mali ya umma haina mwenyewe, tunasema, tukisahau kwamba ilikuwa naye na tukamwondoa kwa tangazo la serikali.

Kuhusu wageni, tukumbuke sungusungu walianzia wapi. Walianzia vijiji vya Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda wenye sare. Sisemi walikuwa malaika. Yapo waliyoyafanya ambayo hayasimuliki mbele ya watoto. Nasema tu kwamba watu wa eneo hili hawakusubiri kufundishwa kujipanga. Na ukitaka kuona wageni wakijitungia kanuni na kuzitii, nenda kwenye machimbo yoyote: watu wa makabila kumi, waliofahamiana wiki iliyopita, wanajua mgao wa kila kiroba, zamu ya kila mtu kushuka duarani na haki ya kila mwenye matimba yake. Mgeni hutii kanuni anayoiona ikimgawia kitu.

5. Lengo la makusanyo ni lengo la visiki

Fedha ya kibali hulipia ulinzi, wanasema. Fuata basi hiyo fedha. Inalipwa kwa namba ya malipo, inaingia kwenye akaunti, inakuwa mapato, na mapato yana lengo la mwaka. Afisa akifikisha lengo anapongezwa, akishindwa anaulizwa. Sasa jiulize polepole: mapato yanayotokana na mazao ya misitu huongezeka vipi? Huongezeka miti inapokatwa. Tumemkabidhi mtu mmoja kazi mbili, kulinda kuku na kuuza mayai, nyama na manyoya, halafu tunampima kwa mauzo.

Ugomvi wa nani ashike fedha si wa Kahama peke yake. Mwaka 2025 jijini Nairobi, Msitu wa Karura, uliolindwa kwa miaka kwa ushirikiano wa Shirika la Misitu la Kenya na kikundi cha wananchi, uliingia mahakamani baada ya shirika hilo kuagiza ada zote za kuingilia zipitie mfumo wa malipo wa serikali. Wananchi walihofia jambo rahisi: shilingi ikishatoka msituni, ni nani atairudisha kulipa askari na kukarabati uzio? Karura ina wakazi wa jiji wenye mawakili. Msitu wetu wa pembezoni una mama mwenye kuni na kijana mwenye ng'ombe.

6. Gharama isiyo kwenye jedwali la ada

Vibali vikikazwa, mkaa haukomi kutumika. Hupanda bei. Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa mkaa. Bei ikaruka, wananchi wakalia, na baada ya wiki mbili hivi amri ikaondolewa. Kenya ilisimamisha uvunaji kwenye misitu ya umma Februari 2018, na kufikia serikali ilipotangaza kuliondoa zuio hilo mwaka 2023, mkaa ulikuwa umeendelea kupikia Nairobi miaka yote hiyo, kwa bei kubwa zaidi, mwingine ukivuka mipaka kutoka kwa majirani. Marufuku haikuzima jiko hata moja. Ilibadilisha tu msitu unaochomwa na mtu anayefaidi.

Kwa hiyo anayelipia ukali wa kibali ni nani? Mchoma mkaa anaongeza bei ya hatari kwenye gunia. Msafirishaji anaongeza bei ya usiku. Kila karatasi ya ziada ina benchi la kusubiria, na kila benchi lina bei yake isiyo na risiti. Mwishoni gunia linafika kwa mama lishe wa stendi, naye hana pa kuipeleka gharama hiyo ila kwenye kijiko: wali unapungua sahanini. Tumelinda mazingira kwa kumnyima bodaboda vijiko viwili vya wali.

Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo likitimia, litaokoa miti mingi kuliko vizuizi vyote vya barabara ya Isaka. Lakini mtungi wa gesi haufiki jikoni kwa sababu kuni zimekatazwa. Hufika pale unapokuwa nafuu kuliko kuni.

Ipo gharama nyingine kubwa kuliko ya gunia. Mtu uliyemfukuza msituni haji kukusaidia kuuzima moto. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Kigosi, ambalo watu wa Ushetu na Bukombe walikuwa wakiweka mizinga yao, lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa, na kwenye hifadhi ya taifa ufugaji nyuki hauruhusiwi. Mrina asali, mtu ambaye maisha yake yote yanategemea mti usimame na uchanue, akageuzwa mhalifu kwa jina la miti. Miaka michache baadaye Bunge likaridhia hadhi hiyo ifutwe ili nyuki na wenyewe warudi. Ilichukua amri mbili kubwa kurudi mahali ambapo mzinga ulikuwa umening'inia tangu mwanzo.

Hukumu

Sitaki vibali vifutwe. Nataka viache kudanganya. Karatasi inayoitwa kibali cha hifadhi ijibu maswali matatu: ni mti gani, mahali gani, utapumzishwa miaka mingapi? Ni nani anayeishi jirani aliyekubali, na anapata nini mti ukibaki? Na fedha iliyolipwa inarudi msituni kiasi gani, kwa tarakimu inayosomwa kwenye mkutano wa mtaa? Karatasi isiyojibu hayo iitwe jina lake: ushuru. Ushuru ni halali, manispaa zinaishi kwa ushuru, ila isisemwe kwamba umeokoa msitu. Na kijiji kinapogeuzwa mtaa, msitu wake upewe walinzi wale wale kwa mkataba ulioandikwa, kabla ya mpima viwanja kufika.

Nina ombi kwa msomaji wa Kahama. Sheria ndogo haishuki kutoka mbinguni. Kabla halmashauri haijaipeleka kwa waziri, hutangaza kusudio lake ili wananchi watoe maoni na pingamizi. Siku utakapoona rasimu ya sheria ndogo ya misitu kwenye ubao wa matangazo, usipite. Simama uisome, ukiwa na kalamu. Hesabu neno "ada" limetajwa mara ngapi, kisha hesabu neno "kuchipua". Ukimaliza, peleka hesabu yako kwa diwani, kwa maandishi, na jina lako chini.